Nyundo Yenye Pengo

Auburn, Sydney
9 Machi 2014

Kwa mdogo wangu Elkana,

Hujambo mwalimu wa watu? Wifi na watoto hawajambo? Na kifua cha Baba kimelegea au bado kinapiga filimbi? Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimenenepa mpaka kioo cha bafuni kinanipokea kwa zamu, upande mmoja kwanza, mwingine baadaye.

Mwandiko usiucheke. Darasa la sita nililimaliza, la saba nililipungia mkono nikipita na ndoo ya maji. Lakini huku ghalani Smithfield naendesha fokolifti, mimi Kemilembe, na wanaume wazima wenye ndevu wananipisha. Kuna Mkongo mmoja, Balagizi, ananiita Madamu Jenerali. Na Wahaya wa Auburn niko peke yangu, kwa hiyo mikutano yetu ni mifupi na tunakubaliana kwa kauli moja.

Sasa sikia kilichonifanya nitafute kalamu. Jumapili, baada ya ibada pale Granville, mama mmoja alitandika kitambaa mezani chini ya masufuria ya chakula. Nikasogea na sahani yangu. Harufu ikanikamata. Elkana, harufu ya gome! Nikaweka sahani chini, nawe unanijua, mimi siweki sahani chini ovyo. Nikakipapasa. Lubugo kabisa, nguo ya gome kama ya Baba, ila hii nyeupe, imechorwa mistari myeusi na myekundu inayojizungusha kama njia za siafu.

Mama mwenyewe anaitwa Lottie. Kwao ni Papua, kando ya ghuba, kabila lake Wamaisini. Nikamuuliza fundi ni nani.

"Mimi," akasema. "Na kabla yangu mama, na kabla yake bibi."

"Na babu yako alikuwa wapi?"

"Babu? Babu alikuwa anavua samaki au anaongea. Kwetu mwanamume akionekana anatwanga gome, watu wanamuuliza kama dada zake wamekufa wote."

Nilicheka mpaka mchungaji akageuka. Msichana wa kwao, anasema, hajawa mwanamke hasa mpaka ajue kupiga gome na kuchora. Mimi kwetu Kanyigo nilikatazwa hata kuivuka kwa mguu nyundo ya Baba ya kupigia gome, eti kitambaa kitachanika! Kwenye treni ya kurudi machozi yakanitoka, nikamwambia abiria wa pembeni ni mafua.

Maana wewe unajua. Ule mwaka Baba alipolala na homa, nani alimalizia kazi yake nyuma ya jiko, migombani, huku wewe ukilinda njia? Na lile pengo la nyundo? Nilikuwa mtoto, nikaigonga jiweni, ukingo mmoja kati ya mifereji iliyochongwa usoni mwake ukabanduka. Nikangoja kipigo. Baba akapitisha kidole, akasema, "Basi kitambaa changu nitakijua hata kikiibwa." Tangu hapo kila lubugo yake ina mstari mmoja uliokosekana, na Kanyigo nzima inaitambua kazi yake kwa pengo hilo. Hakuna anayejua ni mkono wangu.

Na alisema mbele yako, ukimenya ndizi, "Siku nikiondoka, nyundo hii ni ya Kemi." Muulize kama neno lake bado ni lile. Kibanja na migomba yake sitaki, kahawa sitaki, chukua vyote na panya wake. Nataka nyundo.

Dada yako mkubwa kwa umri na kwa kiuno,
Kemi


Kanyigo
20 Aprili 2014

Dada yangu mpendwa Kemilembe,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema. Sisi tu wazima, isipokuwa Baba ambaye kifua kinamsumbua asubuhi. Mvua ni nzuri, kahawa imechanua, na wanafunzi wangu wamefanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilimsomea Baba barua yako kibarazani. Hao wanawake wa Papua aliniomba niwarudie mara ya pili. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akasema maneno yake haya: "Mwambie Kemi, mimi neno langu silitafuni." Nadhani umeelewa.

Ninachokuomba ni subira. Wewe upo mbali, unaona mambo kwa upana. Sisi tunaishi na wazee wa ukoo, tunazikana nao. Jambo la nyundo kwenda kwa mwanamke linahitaji kuandaliwa. Niachie mimi. Nimesoma, najua namna ya kuzungumza nao.

Baba anauliza kama huko mnapata senene.

Ni mimi mdogo wako,
Elkana


Auburn
15 Juni 2014

Mdogo wangu Elkana mwenye elimu,

Wote hamjambo? Mwambie Baba senene hakuna, lakini kuna mende wakubwa kiasi cha kufugwa. Mimi ni mzima, ila nimenusurika kukamatwa na serikali, kwa hiyo heshima yangu sasa imepanda.

Ilikuwa hivi. Huku bustanini kuna mitini mikubwa, jamaa kabisa ya mti wetu wa lubugo. Nikaona mmoja Parramatta, gome lake laini, nikasema huu unaniita. Nikaenda na kisu na majani ya mgomba niliyoomba kwa Mvietnamu, ili nikimaliza kuuvua niufunge, upone, maana mti hauvuliwi ukaachwa uchi. Sijakata hata kiganja kimoja, askari wa bustani huyu hapa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naupima nguo."

Sikuficha. Nilimweleza Baba, nikamweleza lubugo, nikamweleza na ukoo wetu mpaka babu wa babu. Mwisho akaniomba niende tu nyumbani. Nilivyojieleza, nadhani alichoka yeye kabla ya sheria.

Lottie aliposikia alijishika mbavu. Nyuma ya nyumba yake ana miti yake ya kwao, myembamba kama fimbo za mwalimu, ndiyo anayoimenya gome. Kila Jumamosi niko kwake. Chibalonza, mke wa Balagizi, naye anakuja, anasema ni kwa ajili ya chai. Tunapiga, majirani wanafikiri tunajenga. Mkono wangu haujasahau, Elkana! Lottie mwenyewe alisimama akanitazama, akasema, "Wewe nani alikufundisha? Huyo mtu alikupenda."

Lakini nikuambie kitu kilichonikwaza. Nilimwomba anichoree ile alama nzuri iliyo kwenye kitambaa chake kikubwa. Akakataa. Kumbe michoro mingine ni ya kichwa cha mwanamke mwenyewe, achore apendavyo, lakini ile ni alama ya ukoo, nayo inakwenda na ukoo wa wanaume.

"Yaani nyinyi ndio mnapiga, nyinyi ndio mnachora, halafu alama ni yao?"

"Kazi yetu, alama yao," akasema, akakaza uso. "Kwenu si hivyo?"

Nikashika gome nikaendelea kupiga, mimi wa maneno!

Basi ndiyo maana nataka nyundo ile mapema, Baba akiwa hai, anipe kwa mdomo wake na wazee wasikie. Padri Method wa parokia yetu anakuja mkutanoni huku mwisho wa mwaka. Mpe aje nayo. Na kile kitambaa kikubwa nilichopiga kabla sijaondoka, Baba alichokiweka sandukuni, kisiguswe. Alisema ndicho atakachofunikwa. Mimi nitakuwa mbali, kitambaa changu kiwe karibu.

Dada yako, adui wa miti,
Kemi


Kanyigo
2 Novemba 2014

Dada Kemilembe,

Pole tena. Kwenye simu hatukuzungumza vizuri, ulikuwa unalia na mtandao ulikuwa unakata. Nakuandikia sasa baada ya matanga kwisha na watu kutawanyika.

Baba aliondoka kwa utulivu. Alikunywa uji, akauliza kama barua yako imekuja, akalala, hakuamka. Alizikwa kwenye kibanja, karibu na Mama. Tulimfunika kwa kile kitambaa chako kama ulivyoagiza. Nikuhakikishie, kilisifiwa na kila mtu. Wazee walikipapasa, wakasema haijaonekana lubugo ya namna ile tangu ujana wao. Ungefurahi.

Kuhusu nyundo, usiwe na wasiwasi wowote. Nimempa Padri Method. Nimeifunga kwa gazeti na kanga ya wifi yako. Wazee nimezungumza nao, yote yamekwisha kwa amani, na hakuna haja ya wewe kuwaandikia au kuwapigia. Ukiwaandikia utafufua maneno.

Tuzidi kuombeana.

Mdogo wako katika huzuni,
Elkana


Auburn
18 Januari 2015

Elkana,

Mko salama? Wifi anaendeleaje? Kaburi mmelipanda maua au mnangoja nije nilipande mimi?

Padri Method alifika, amekonda, nikamlisha mpaka akaomba likizo. Akanisimulia vituko vya uwanja wa ndege. Huku mti ukiingia nchini wanaupekua kama jambazi, wanatafuta wadudu. Afisa akaigeuza nyundo, akaimulika kwa tochi, akamwambia, "Hii haina shida, Father, ni mti mpya kabisa." Padri alicheka sana. Nami nikacheka. Nikasema hawa watu, kila kilichopakwa mafuta kwao ni kipya.

Jumamosi nikaenda nayo kwa Lottie. Nilivaa gauni la kanisani, Elkana. Lottie kaita wenzake wa Papua, Chibalonza kaleta sambusa, Balagizi kaja na redio. Niliwahutubia! Niliwaambia hii ni nyundo ya Baba yangu, fundi mkuu wa Kiziba nzima, na mwanamke wa kwanza kuachiwa nyundo ndiye huyu mnayemwona, mpigieni makofi. Wakapiga. Nikakaa, nikatandika gome juu ya gogo, nikapiga. Kitambaa kikafunguka vizuri tu.

Halafu nikapitisha vidole.

Nina kile kipande kidogo cha lubugo ya Baba nilichofungia Biblia. Nikakiweka pembeni. Nikapapasa kile, nikapapasa hiki. Kwenye kile, mistari inakwenda, inakwenda, inaruka mmoja, inakwenda. Kwenye hiki inakwenda tu, Elkana. Imekamilika. Haina kasoro hata kidogo.

Nikaigeuza nyundo, nikapitisha ukucha kuizunguka yote. Lile pengo halipo. Mpini haujalika. Nikanusa. Baba alikuwa anaishika kwa mikono yenye jasho na samli miaka yote ile, na hii inanukia duka la seremala.

Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Nilimwambia Lottie kichwa kinaniuma, nikaikunja kanga ya wifi, nikaondoka. Mimi, kuacha sambusa mezani.

Nakuuliza swali moja, na wewe ni mwalimu, unajua kujibu swali kwa sentensi kamili. Nyundo hii ni ya nani?

Dada yako,
Kemi


Kanyigo
1 Machi 2015

Mpendwa dada,

Natumaini u mzima wa afya. Huku mvua zimechelewa kidogo, ndizi zimeshuka, na mwanangu mkubwa amechaguliwa kiranja wa shule. Kaburi la Baba tumelijengea kwa saruji.

Nimesoma barua yako kwa mshangao. Mti ni kitu chenye uhai, dada. Kusafiri kwenye baridi ya ndege kunaweza kuufanya utanuke, na mahali palipokuwa na pengo pakajiziba. Pia umri unacheza na kumbukumbu zetu. Labda pengo lilikuwa kwenye nyundo nyingine, Baba alikuwa nazo kadhaa.

La muhimu ni moyo wa aliyetuma. Nakuomba tusigombane kwa kipande cha mti, Baba akiwa bado mbichi kaburini.

Mdogo wako,
Elkana


Kanyigo
23 Agosti 2015

Dada yangu mpendwa Kemilembe,

Ni miezi sasa hujaandika na simu hupokei. Naomba iwe ni shughuli za kazi tu. Sisi tu wazima, ingawa watoto wanaulizia zile kofia ulizoahidi.

Dada, nina jambo, na hakuna mwingine wa kumwendea. Desemba parokia ina jubilei. Askofu atakuja. Kamati imekaa ikaamua zawadi yake iwe lubugo, na kazi wamenipa mimi.

Naomba usome kwa utulivu. Siku ya mazishi wazee walipouliza nani amepiga kile kitambaa alichofunikwa Baba, maana nyundo waliitambua lakini mkono waliuona si wake, mimi nilinyamaza. Wao ukimya wangu wakauchukua kuwa ndio jibu. Walifurahi sana, wakasema damu ya mzee Rwechungura haijapotea, wakanikabidhi nyundo pale pale mbele ya watu. Ningewaambia nini? Kwamba mzee amefunikwa kwa kazi ya mwanamke? Ilikuwa ni kuwaaibisha, na kumwaibisha marehemu. Wewe nilikuchongeshea nyingine kwa seremala hodari ili moyo wako utulie, na nilihakikisha mifereji yake imenyooka kuliko ile ya zamani. Niliona nimekutendea vizuri.

Tangu hapo wananiita fundi. Nimejaribu, dada. Nimechana magome hata kuni zimepatikana. Mkono wangu ni wa chaki.

Wewe mkono unao, na hao marafiki zako wanazo zana. Nipigie kimoja tu, kikubwa kama kile. Tafuta gome la mtini, likikauka juani liwe jekundu kama letu, usiniletee jeupe la Papua. Padri Method anakuja tena huko Novemba, atakibeba. Hakuna atakayejua. Ni kwa heshima ya jina la Baba, ambalo ni letu sote.

Mdogo wako anayekutegemea,
Elkana


Auburn
15 Novemba 2015

Elkana,

Kitambaa anacho Padri Method. Kikubwa kama kile. Chekundu.

Gome nilipewa na mzee mmoja wa Granville aliyekuwa anakata mtini uani kwake. Tulilibeba na gari la Balagizi, madirisha wazi, gogo limetoa kichwa nje kama mbuzi. Nilipiga Jumamosi nyingi. Lottie aliuliza ni cha nani. Nikamsomea barua yako, naigeuza Kiingereza nikienda, na Kiingereza changu, unavyojua, hakina pazia, kinasema kama kilivyo. Nilipofika mahali pa "hakuna atakayejua" akaweka nyundo yake chini. Akasema, "Usimpe."

Na mimi nilisema simpi. Nilisema hivyo wiki nzima, nikiendesha fokolifti, nikioga, nikila. Nilikuwa nakusema kwa sauti mpaka Balagizi akaniuliza, "Madamu Jenerali, huyu Elkana iko na deni gani?" Nikamwambia hana deni, alikuwa analinda njia tu nikiwa napiga. Miaka yote ile nikadhani ananilinda mimi.

Unajua kinachonichoma? Si nyundo. Wazee wangeninyima ningewatukana vizuri, na mimi matusi ninayo ya lugha tatu, tungemalizana. Kinachonichoma ni kwamba Baba alikwenda chini akiwa amevikwa mikono yangu, na juu ya kaburi ukaruhusu waseme ni yako. Halafu ukanifungia ya uongo kwenye kanga. Halafu nikavaa gauni.

Na umekosea pale pale ambapo mtu asiyewahi kupiga gome lazima akosee. Ulimwambia seremala anyooshe. Fundi angejua kwamba nyundo ya Baba ni lile pengo.

Lakini Askofu hajanikosea, na jina la Baba silichezei. Kwa hiyo nimekipiga kitambaa, na nimekipiga kwa ile nyundo yako ya uongo. Ila kwanza nilikaa nayo kwa Lottie na kisu. Nikabandua ukingo mmoja. Huo ni wa Baba, nilioutoa nikiwa mtoto, bila kujua. Kisha nikabandua wa pili, pembeni yake, huku najua kabisa ninachofanya.

Lottie akapapasa, akasema, "Hiyo sasa ni alama."

Kitandaze juani, upitishe vidole, kama bado vinahisi kitu zaidi ya chaki. Mistari inakwenda, inaruka, inakwenda, inaruka tena. Wazee wetu hawaoni vizuri lakini vidole vyao unavijua. Watakishika kabla hakijafika kwa Askofu. Watauliza kwa nini lubugo ya nyundo ya Rwechungura ina mapengo mawili. Watataka nyundo iletwe. Utaileta ile ya Baba, ina moja.

Hapo utakuwa umesimama mbele ya watu, na swali litakuwa ni lile lile la kaburini, nani amekipiga. Padri sijamwambia kitu, wala wazee sijawaandikia. Nimekuachia wewe, kama ulivyoniomba nikuachie. Umesoma, unajua namna ya kuzungumza nao.

Ukinyamaza tena, nitajua.

Kofia za watoto zipo ndani ya kitambaa. Ya kiranja ni ile ya bluu.

Leo sikuuliza hali. Nitauliza ukishajibu.

Kemilembe binti Rwechungura,
fundi